Kiti kimoja kinatosha: kufundisha uigizaji kwa watoto, vijana na watu wazima

Mwalimu anayepewa watoto wa miaka 6 asubuhi, vijana wa miaka 15 mchana na watu wazima jioni huandaa vipindi vitatu visivyofanana hata kidogo. Baada ya wiki chache mazoezi yanamwishia, naye anaanza kuokoteza michezo ya kujaza muda tu. Ushauri wangu ni huu: zoezi libaki lilelile, ubadilishe masharti. Mtoto, kijana na mtu mzima wanajifunza jambo moja, yaani kumtaka mwenzako akufanyie kitu huku watu wanakutazama. Wanachotofautiana ni kinachowazuia.

Zoezi ninalolitegemea kuliko yote linahitaji kiti kimoja. Kiweke katikati ya chumba. Mwanafunzi mmoja amekikalia na ana sababu ya kutoinuka. Wa pili anakitaka. Wana dakika 2. Hakuna kugusana wala kugusa kiti. Aliyekaa anainuka pale tu mwenzake anapomgusa moyoni kweli, asiinuke kwa kumwonea huruma kwamba ameshindwa zoezi. Aliyesimama akiona njia moja imegonga mwamba, ajaribu nyingine.

Dakika zikiisha, usiwaulize watazamaji "mmeonaje?" Watajibu "nzuri" na mazungumzo yatafia hapo. Uliza: "Alifanya nini ili akipate?" Halafu andika ubaoni vitenzi wanavyotaja: alibembeleza, alitisha, alisuta, alisihi, alilaghai, alihonga, alipuuza. Kiswahili kimejaaliwa vitenzi vya namna ya kumwingia mtu, na mwanafunzi anavijua vingi kabla hajakanyaga jukwaa. Orodha hiyo ibaki ukutani muhula mzima. Siku mnapofika kwenye mistari ya mchezo wenyewe, kila mstari utaombewa kitenzi chake kutoka pale.

Sababu ya kung'ang'ania vitenzi ni kwamba maelekezo ya hisia yanaharibu uigizaji papo hapo. Mwambie mwanafunzi "kuwa na huzuni" kisha umtazame. Mabega yanapanda, sauti inakuwa nyembamba, macho yanamwacha mwenzake na kurudi ndani kukagua kama huzuni imefika. Mwambie "msihi asiondoke" na macho yanakwenda moja kwa moja kwa mwenzake. Huzuni ikija, vizuri. Isipokuja, bado kuna tendo ambalo watazamaji wanaliona na kulielewa. Konstantin Stanislavski (1863–1938), ambaye mafundisho yake yamelea waigizaji wengi duniani, mwanzoni aliipa uzito mkubwa kumbukumbu ya hisia, yaani mwigizaji kukumbuka alivyojisikia katika maisha yake mwenyewe, lakini katika miaka yake ya mwisho aliegemea zaidi kwenye matendo ya mwili. Ukifundisha watoto na vijana, lichukue hili kama sharti la usalama: usimwombe mwanafunzi akumbuke msiba wake ili apate machozi ya jukwaani. Utafungua jambo usiloweza kulifunga kabla ya kengele, na machozi hayo hayatakuja tena kwa amri siku ya onyesho.

Miaka 5 hadi 7

Kipindi kisizidi dakika 40, kundi lisizidi watoto 12, na pawe na mtu mzima wa pili. Ukiwapa zoezi la kiti kama lilivyo watagombania kiti, kwa sababu kwao kiti ni kiti. Kwa hiyo kigeuze kuwa kiota chenye yai linalokaribia kuanguliwa. Kikalie wewe mwenyewe, na kundi zima lije kukushawishi uondoke kabla mvua haijanyesha.

Njia hii ya mwalimu kuingia ndani ya uhusika iliendelezwa sana na Dorothy Heathcote (1926–2011) wa Uingereza, na inafanya kazi ikiwa mpaka wake unaonekana kwa macho. Chukua kitambaa kimoja. Ukijifunga, wewe ni mlinzi wa yai. Ukifungua, wewe ni mwalimu. Watoto wataushika mpaka huo baada ya mara mbili tu, na ukivua kitambaa watanyamaza bila kukaripiwa. Kosa la kawaida ni mwalimu kujitia sauti ya kuchekesha na kutembea kwa vituko. Akifanya hivyo watoto wanageuka watazamaji wake na kulisahau yai. Sema kwa sauti yako, ila umaanishe. Wape tatizo zito: "Nikiondoka yai litapoa. Nani atalipa joto?" Hapo utaona mikono inanyooshwa, vichwa vinainamiana, na mtoto ambaye hajawahi kutamka neno darasani anavua sweta lake kulifunika yai. Huo ni uigizaji kamili.

Maelekezo yawe sentensi moja, kisha wafanye. Sentensi nyingine, wafanye. Ukifika ya tatu bila tendo umeshawapoteza. Mtoto anayekataa kuingia usimvute mkono. Mpe kazi ya pembeni yenye maana, kama kutangaza mvua inapokaribia. Wengi hujiingiza wenyewe mchezo ukikolea, na asiyejiingiza naye ameshiriki.

Miaka 8 hadi 11

Wanapenda kanuni na wanazilinda kuliko mwalimu, hivyo zoezi la kiti linakwenda kama lilivyo. Tatizo lao ni wingi wa maneno. Kila mmoja atabuni moto, simba na daktari ndani ya nusu dakika. Wape sentensi 5 tu kila mmoja, huku wenzao wakihesabu kwa vidole. Mtoto mwenye sentensi 5 huanza kuchagua, na huanza kusikiliza alichoambiwa ili asipoteze moja bure.

Ni umri huu pia ambao wazazi huanza kuuliza onyesho ni lini, na hapo walimu wengi hugawa maandishi ya mchezo siku ya kwanza. Naomba usifanye hivyo. Mtoto aliyeshika karatasi husoma kwa mwimbo wa somo la kusoma, na mwimbo huo ukishaingia kichwani hautoki hata baada ya karatasi kuondolewa. Asiyesoma vizuri anaaibika mbele ya wenzake. Karatasi yenyewe huziba mdomo na kuyateka macho.

Kwa mchezo wa dakika 20, wakikutana mara moja kwa wiki kwa dakika 90, panga wiki 10 hivi. Wiki 3 za kwanza simulia kisa na waache wakiigize tukio baada ya tukio kwa maneno yao. Andika sentensi zao nzuri, maana nyingine zitashinda zako. Wiki 3 zinazofuata leta maandishi, tukio moja kwa kila kipindi, na wajifunze mistari wakiwa wamesimama na wanafanya kitu: wanakunja nguo, wanarushiana mpira. Wiki 2 ni za kupanga nani anaingia wapi na anatokea wapi. Wiki 2 za mwisho ni kupitisha mchezo wote bila kusimama, hata mambo yakiharibika. Walimu wengi hufika siku ya onyesho wakiwa wameurudia mwanzo mara 30 na mwisho mara 2, na watazamaji huliona hilo waziwazi.

Mistari inasahaulika zaidi pale mtoto alipokariri ya kwake peke yake nyumbani. Anayajua maneno yake ila hajui yanajibu nini. Mwambie akariri maneno 3 au 4 ya mwisho ya mwenzake pamoja na mstari wake, na mtu wa nyumbani amsomee hayo. Na usimwonyeshe namna ya kuusema mstari. Atakunakili, darasa zima litasema kwa sauti yako, na siku akisahau mwimbo atasahau na maneno. Muulize: "Unataka afanye nini ukishamwambia hivi?"

Vijana

Kinachomzuia kijana wa miaka 12 hadi 17 ni macho ya wenzake, na uwezo anao tele. Kwa hiyo mwanzoni ondoa watazamaji. Panga jozi zote zifanye zoezi la kiti kwa wakati mmoja, chumba kijae kelele, wewe upite katikati. Sema maneno mafupi bila kusimamisha mchezo: "badili njia", "mtazame", "usimjibu kwanza". Ufundi huu wa kuelekeza kutoka pembeni huku mchezo unaendelea umetokana na Viola Spolin (1906–1994), aliyebuni michezo yake ya uigizaji Chicago akiwa na watoto wa wahamiaji ambao lugha zao za nyumbani zilikuwa tofauti. Kanuni yake kubwa ni kumpa mwigizaji kitu kimoja cha kukizingatia, ili asipate nafasi ya kujifikiria yeye mwenyewe. Kwa kijana aliyejaa haya, hakuna dawa iliyo bora zaidi.

Watacheka. Kicheko cha vijana jukwaani kwa kawaida ni woga, hivyo ukikiadhibu unauongeza. Ongeza uzito wa kazi badala yake. Mpe aliyekaa kadi yenye siri ambayo mwenzake haijui: "Umeambiwa usubiri hapa hapa, na anayekuja akikukosa hatarudi." Kicheko huisha bila kutajwa. Jozi zikikomaa, baada ya wiki 3 au 4, jozi moja itazame nyingine moja. Darasa zima baadaye.

Matukio ya mapenzi au ugomvi yanahitaji makubaliano kabla ya kuanza. Jozi ielezane kwa maneno ni wapi panaguswa, kwa mkono upi, kwa muda gani. Lichaguliwe neno moja ambalo yeyote akilitamka kila kitu kinasimama. Kisha tendo lirudiwe vilevile kila siku bila nyongeza. Asiyetaka hahitaji kutoa sababu, na mkono ulioachwa hewani kabla ya kufika begani mara nyingi unasema zaidi. Tukio zito likiisha, waigizaji wajikung'ute, kila mmoja ataje jina lake halisi na atakachokwenda kufanya baada ya kipindi. Ni dakika 2 tu, na zinazuia ugomvi wa jukwaani kutoka nje ya mlango pamoja nao.

Sauti

Kuimarisha sauti kunaanzia kwenye pumzi. Mwanafunzi alale chali na kitabu chepesi juu ya tumbo. Avute pumzi kwa hesabu 4 huku kitabu kikipanda, aitoe kwa "sss" ya hesabu 8. Wiki inayofuata 12, kisha 16. Mabega yakisogea, pumzi imekaa juu. Akihisi kizunguzungu apumzike, amevuta nyingi mno. Baada ya hapo awaite wenzake walio hatua 3, 6, kisha 10, bila kupandisha sauti juu zaidi ila kwa kuzipa irabu muda. Kupiga kelele hukaza koo na kukwaruza sauti. Mvulana ambaye sauti yake inavunjika kwa kubalehe asisukumwe kuimba au kunguruma. Mpe mistari mifupi ya chini na maji karibu.

Kiswahili kina mtego wake. Mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na waigizaji wachanga huimeza ya mwisho pamoja na pumzi iliyobaki. Ukanushi nao mara nyingi umekaa mwanzoni kabisa. "Atakuja" na "hatakuja" vinatenganishwa na pumzi ya "h" peke yake, na ikipotea, safu ya nyuma imesikia kinyume cha kisa. Fanyeni hivi: mmoja ageuze mgongo hatua 10 mbali, mwenziwe aseme mojawapo ya maneno hayo mara 10 kwa kuchanganya, na aliyegeuka anyooshe mkono kila anaposikia kukanusha. Makosa yakizidi 2, msemaji anarudia.

Watu wazima, na waliozeeka

Mtu mzima anaomba radhi kabla hajaanza, kisha anaeleza. Mwachie zoezi la kiti atakuhutubia juu ya haki ya kukaa. Mnyang'anye maneno: wazungumze kwa kuhesabu tu, 1 hadi 20, kila namba ikibeba kitenzi. "Saba" ya kubembeleza. "Nane, tisa" za kusuta. Bila hoja za kujificha, mwili unaanza kufanya kazi, na hapo ndipo anapogundua kwamba alikuwa akiigiza kwa shingo na mdomo tu. Ukimrudishia maneno baadaye atayatumia machache.

Kwa wazee, viti viwe viwili na kinachogombewa kiwe kitu cha mkononi, kwa mfano picha au funguo, ili magoti yapumzike. Dakika 60 zenye mapumziko katikati zinatosha. Keti wanapouona mdomo wako, maana wengi husikia kwa macho pia. Mistari ikikataa kukaa, waache wasome mbele ya watazamaji bila kuona haya. Igizo la kusomwa ni aina kamili ya onyesho, mradi macho yainuke kila mwisho wa sentensi.

Ukiwa na kundi la umri mchanganyiko, mkalishe mtoto wa miaka 9 kwenye kiti na umsimamishe mtu wa miaka 60 mbele yake. Mkubwa atataka kumwachia mtoto ashinde, na mtoto ataijua huruma hiyo mara moja na kuacha kucheza. Kabla ya kuanza, mwambie mkubwa faraghani kwamba anakihitaji kiti kweli, na umpe sababu. Halafu kaa pembeni, hesabu dakika 2, usiseme kitu.