Barua kwa mwanangu: Kuhusu yale mafuta ya nazi

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa kwenye daladala natoka Kirumba, nikauzima haraka kabla konda hajayajua mambo ya nyumba yako. Mara ya pili nilikuwa chumbani, mlango nimeukomea.

Unasema mjukuu wangu ametimiza miezi minne, mshono ulishapona, nesi amewaruhusu, lakini kila mkikutana na mwenzako unahisi kama unakwanguliwa. Unauma meno, ukimaliza unageukia ukutani, naye anadhani umemchoka. Jirani kakwambia upake mafuta ya nazi. Na kwa kuwa mnatumia kondomu mpaka utakapochagua njia ya uzazi wa mpango, unaniuliza kama hayo mafuta yana shida, na ile jeli ya duka la dawa ni ya watu wa namna gani.

Kwa desturi yetu swali hili lilikuwa la shangazi yako au bibi, si langu. Lakini shangazi katangulia mbele ya haki, na bibi yako siku hizi hasikii mpaka upige kelele, na haya si mambo ya kupigiwa kelele. Basi nitakujibu mimi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ulimi utanishinda.

Nianze na linalokuumiza zaidi. Hujamchoka mumeo. Unanyonyesha. Mwili unaotengeneza maziwa hushusha estrojeni, ile homoni inayoufanya uke uwe laini na wenye ute. Ikishuka, hata moyo ukiwa unataka, chini panabaki pakavu. Mimi yamenirudia haya haya baada ya hedhi kukoma, maana homoni ni ile ile. Juu ya hapo weka usiku wa kuamshwa mara nne, na zile piriton ulizokuwa unameza kwa ajili ya mafua. Dawa inayokausha pua haiishii puani.

Nilipokuzaa wewe hakuna aliyenieleza. Nilivumilia karibu mwaka mzima, nikihesabu mbao za paa. Baba yako hakuuliza na mimi sikusema, tukaishi kama wapangaji wawili wanaogawana chumba. Na haikuwa kutojua tu. Tulikuwa tumefundishwa kinyume chake kabisa, kwamba mwanamke wa maana ni mkavu. Mwenye ute alisemwa mlegevu, katembea sana. Wenzangu walinunua shabu sokoni, yale mawe meupe ya kukausha, wakajiwekea ili wabane, wengine majani, wengine walijiosha ndani kwa sabuni na maji ya moto. Ngozi ya humo inachubuka, unapata vidonda usivyoviona, na maradhi yanapata pa kupitia. Akija mtu kukuuzia dawa ya kukausha, hata awe ndugu, mpe soda aende zake.

Kilichonifungua macho ni umama lishe. Kati ya 2005 na 2009 hapa Mwanza palifanyika utafiti wa jeli ya ukeni iliyoitwa PRO 2000. Ulifanyika pia Uganda, Zambia na Afrika Kusini, wanawake zaidi ya 9,000 kwa jumla, na walitaka kujua kama jeli ile inaweza kuzuia virusi vya Ukimwi. Kwa huku kwetu watafiti waliwafuata wanawake wanaofanya kazi kwenye migahawa, baa na gesti, kwa hiyo wawili kati ya wenzangu wa jikoni waliingia. Majibu yalitoka Desemba 2009: haizuii. Tulihuzunika kweli, maana tulikuwa tumezika wengi. Lakini siku zote zile kulikuwa na habari nyingine iliyokuwa ikinong'onwa huku tukipara sato. Tendo lilikuwa tamu zaidi. Mmoja alitusimulia mumewe, mtu mkimya kama gogo, alivyoanza kuuliza jioni, "Ile jeli yako imebaki?" Na watafiti wenyewe waliandika kwamba wanawake walisema iliwaongezea raha. Nilicheka na wenzangu, ila nilirudi nyumbani nikiwaza. Kumbe ule ute tuliokuwa tunaukausha kwa shabu ndio watu waliokuwa wakiufurahia kwenye bomba la plastiki!

Sasa mafuta ya nazi. Kuna nesi alikuwa akipita kwenye vibanda vyetu kufundisha. Siku moja aliipuliza kondomu mpaka ikawa puto, akaifunga, akampa mmoja wetu aishike. Akachovya kidole kwenye mafuta ya kupaka watoto, akawa anaisugua taratibu huku akiongea habari nyingine kabisa, za bei ya dagaa. Hatujamaliza kumsikiliza, paa! Mteja mmoja aliruka na sahani yake ya ugali. Ya pili akaisugua kwa jeli ya maji. Ikabaki puto mpaka tukachoka kuingoja tukarudi kwenye masufuria. Mpira wa kondomu hizi za kawaida unatokana na utomvu wa mti, na mafuta huulegeza ndani ya muda mfupi tu, bila wewe kuona kitu. Mafuta ya nazi, ya alizeti, Vaseline, losheni, samli, yote ni ndugu. Mngekuwa hamtumii kondomu ningekwambia nazi safi haina ubaya mkubwa, wengi wanaitumia, ingawa inachafua shuka. Vaseline hata hapo nisingekushauri, haitoki kirahisi, inakaa humo siku na siku. Lakini nyinyi mnatumia kondomu, na mtoto ana miezi minne. Utanipa mjukuu wa pili kabla wa kwanza hajasimama dede.

Mate nayo hayakai, yanakauka kabla shughuli haijaanza.

Nunua jeli ya maji. Jina linalofahamika zaidi kwa wauza dawa ni K-Y, ambayo ilianza huko Marekani mwaka 1904 kama jeli ya madaktari ya kulainisha vifaa vya kupimia wagonjwa. Ndiyo hiyo unayoona aibu kuitaja. Najua aibu nyingine imetoka wapi. Julai 2016 Wizara ya Afya ilitangaza kupiga marufuku uingizaji na uuzaji wa vilainishi, ikivihusisha na mapenzi ya jinsia moja, na tangu hapo neno lenyewe likawa na harufu. Mwanamke aliyetoka kujifungua au aliyekoma hedhi hakukumbukwa kwenye mazungumzo yale. Mimi nikifika dukani nasema kwa sauti ya kawaida, "Kijana, nipe jeli ya maji, nimekoma hedhi nina ukavu." Mwenye kuinamisha macho huwa ni yeye.

Ndiyo, umesoma vizuri, na mimi ninayo. Usiniulize zaidi ya hapo.

Ukishika boksi, hakikisha kwanza limeandikwa kwamba jeli ni ya maji na inafaa kwa kondomu. Zenye harufu ya stroberi, zenye kuleta joto au ubaridi, ziache, hasa wewe ambaye ngozi yako imekonda kwa kunyonyesha. Ukiona nonoksinoli imetajwa, rudisha, ni dawa ya kuua mbegu na inachubua. Tena zipo jeli nzito mno, zenye gliserini nyingi. Umewahi kuona kayabo inavyotengenezwa Kirumba, sangara akipakwa chumvi, baada ya muda maji yanamtoka yenyewe na nyama inakakamaa? Jeli iliyokolea kupita kiasi inafanya hivyo hivyo humo ndani, inavuta maji kutoka kwenye ngozi. Leo unateleza, kesho unawashwa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2012 lilishauri kipimo cha ukolezi huo, kinachoitwa osmolaliti, kisizidi 1,200, na ikiwezekana kiwe chini ya 380. Boksi nyingi haziandiki namba hiyo, kwa hiyo mwili wako ndio utakaosema. Paka kidogo ndani ya mkono, subiri mpaka kesho yake. Na hata ikipita hapo, ikikuwasha ukeni, osha kwa maji matupu na ubadilishe.

Kutumia hakuna ufundi. Mimina kiasi cha kijiko cha chai kiganjani, ngoja ipate joto la mkono, maana ya baridi itakushtua na mwili utajikaza. Paka mlangoni na ndani kidogo. Kondomu ikishavaliwa, paka na juu yake, kwa nje. Usimpake yeye nyingi kabla ya kuivaa, itachomoka. Mkiwa katikati ukaona imeanza kunata, usidhani imeisha kazi. Chovya vidole kwenye maji safi, pangusa, itateleza tena. Ikizidi kukauka ongeza. Weka kikombe cha maji na kitambaa karibu na kitanda ili mtu asilazimike kunyanyuka kuwasha taa na kumwamsha mtoto. Mtoto mwenyewe hadhuriki na kitu, lakini ukipaka maziwani futa kabla hajanyonya.

Ila jeli isiwe kisingizio cha mkwe wangu kufika kama basi la Shinyanga, linapakia na kuondoka. Mwili unaonyonyesha unachelewa kuamka. Akupapase, azungumze nawe, achukue muda wake, jeli ije kusaidia kazi iliyokwisha kuanza. Mwambie yeye ndiye akupake. Aibu ya mwanzo ikipita, hapo ndipo utamu wenyewe ulipo, na atajua kwa kidole chake kwamba tatizo lilikuwa ukavu na si yeye. Maneno ya kumwambia ni machache: "Nakutaka, ila maziwa yamenikausha." Sema hivyo mchana, mkiwa mnakula, si mkiwa mmeshavua.

Ikikushinda hata kwa jeli, usiendelee kuongeza jeli. Damu baada ya tendo, uchafu unaonuka, maumivu ya ndani kabisa, au pale kwenye mshono pakivuta, nenda kituo cha afya. Na uwatajie kichocho. Ulikulia kwa bibi yako, ukicheza kwenye majaruba ya mpunga na yale madimbwi ya kunyweshea ng'ombe, na kichocho kile cha kukojoa damu hukaa hata kwenye uke na mlango wa kizazi, kikaleta maumivu na damu wakati wa tendo. Wengi hutibiwa magonjwa ya zinaa ambayo hawana. Dawa yake ni prazikwanteli, lakini lazima mtu akumbuke kuuliza umekulia wapi. Siku ukienda kuchagua uzazi wa mpango, mweleze nesi na huu ukavu, maana wapo wanaosema sindano inawazidishia.

Jumamosi dereva wa Sengerema atakuletea mfuko. Juu kuna dagaa na unga wa uji. Jeli iko chini, ndani ya soksi za mtoto, tyubu mbili, moja ya kuanzia na nyingine ya akiba. Dagaa watoe kwanza, wasije wakaacha harufu kwenye soksi.

Mama yako