Pampu ya Mafuta Haivuti Dizeli

SWALI: Mashua yangu ya tanga ina injini ndogo ya dizeli ambayo huwaka vizuri, kisha baada ya dakika chache huzimika yenyewe. Nimebadilisha chujio, lakini ninapopampu mafuta kwa mkono, wenzo wa pampu umelegea wala hausukumi kitu. Je, ninunue pampu mpya?

JIBU: Usitoe fedha bado, ndugu msomaji. Wenzo kulegea mara nyingi humaanisha kwamba kemu, yaani kipande chenye nundu kinachozunguka na kuendesha pampu, imesimama kwenye kilele chake na kukibana kiwambo (utando wa ndani ya pampu unaovuta mafuta), hivyo zungusha injini mzunguko mmoja kwa puli ya mbele, ujaribu tena. Ukiona wenzo umepata uzito, legeza skrubu ya kutolea hewa juu ya chujio na upampu hadi dizeli itoke bila povu. Povu lisipokwisha, chomeka mpira unaoingiza mafuta kwenye pampu ndani ya dumu la dizeli safi: injini ikinguruma bila kukatika, pampu haina kosa, na hewa au kizuizi kiko upande wa tangi. Binafsi huanza na klempu (vibano) za mipira ya mafuta, maana chumvi huzila kimyakimya. Chomoa pia kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa imeongezeka na inanuka dizeli, yamkini kiwambo kimepasuka, nawe usiiwashe injini kabla ya kubadilisha pampu na oili pia.