Macbeth hakulogwa: kwa aliyeuliza hatia ni ya nani

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma fasihi chuoni, mwaka wa kwanza. Tumepewa insha ya hatia na tamaa ya madaraka kwenye Macbeth ya Shakespeare. Nimenunua desa steshenari, linasema kosa la kumuua mfalme Duncan ni la wachawi asilimia 50, mke wa Macbeth 30, na Macbeth mwenyewe 20. Pia linasema dosari yake ni tamaa. Rafiki yangu anabisha, anasema mke ndo mwenye kosa kubwa. Sasa nigawe vipi? Na nikiandika dosari ni tamaa inatosha?

Jibu: Marahaba mwanangu. Usigawe kabisa.

Hizo asilimia nakutana nazo kila muhula, namba zinabadilika tu kutegemea nani kaandika desa, na kila nikizikuta kwenye karatasi najua huyu mtoto hajafungua tamthiliya, na sio kwamba hana akili, ni kwamba kuna mtu kamuuzia jibu la swali ambalo tamthiliya haijauliza. Hatia sio mirathi tukae chini tugawane mafungu. Mtu anaweza kusukumwa na watu kumi na bado mkono ulioshika kisu ukawa ni wake mzima.

Tuanze na wachawi maana hapo ndo pananiuma kuliko pote. Kwetu neno mchawi linakuja na mzigo wake, mchawi analoga, na aliyelogwa hana kosa, anahurumiwa na kutafutiwa dawa. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili akishasikia tu wachawi watatu wamemsubiri Macbeth nyikani anafunga kesi palepale, kwamba jamaa kalogwa. Nakuomba fungua tendo la kwanza onyesho la tatu, anza mwanzo kabisa kabla Macbeth hajaingia, kile kipande ambacho karibu kila mtu anakiruka. Mchawi wa kwanza anasimulia mke wa baharia aliyemnyima chakula, anaapa atamkomoa mumewe aliyesafiri kwenda Aleppo, atamkosesha usingizi usiku na mchana, atamkausha kama nyasi. Halafu anasema kitu ambacho ningependa ukipigie mstari, kwamba meli ya huyo baharia haiwezi kupotea, ila itapigwa na dhoruba. Basi huo ndo mpaka wao, wanatikisa lakini hawazamishi, na Shakespeare katuwekea mpaka huo sekunde chache kabla Macbeth hajatokea.

Sasa wanamwambia nini? Wanamsalimia mara tatu. Mtawala wa Glamis, hicho cheo anacho tayari. Mtawala wa Cawdor, na sisi watazamaji tunajua mfalme kashampa, yeye tu ndo taarifa haijamfikia. Halafu mfalme wa baadaye. Basi. Hakuna aliyetaja kisu, hakuna aliyetaja damu, hakuna aliyesema Duncan afe. Na Banquo, jemadari mwenzake, amesimama pembeni yake, anasikia sauti hizohizo, na yeye anaahidiwa kizazi cha wafalme, na haendi kuua mtu (ingawa baadaye anashuku na ananyamaza, na ukimya huo ungeweza kuwa insha nyingine).

Ila angalia Macbeth anafanya nini akisikia. Hajibu. Anashtuka. Tunajua kashtuka kwa sababu Banquo anamuuliza, bwana, mbona umeshtuka, unaogopa nini kwenye habari nzuri namna hii? Hapo simama, usikimbilie ukurasa unaofuata. Mtu kaambiwa atakuwa mfalme, hajaambiwa amefiwa, na anaruka kama mtu aliyekutwa anafungua sanduku la mwenzake. Dakika chache baadaye anakiri peke yake kwamba kuna picha imemjia inayomsimamisha nywele na moyo unagonga mbavu, na neno mauaji linatoka kinywani mwake yeye, kabla ya mtu mwingine yeyote kulihusisha na hicho kiti. Wachawi walileta kiti, njia ya kukifikia kaileta mwenyewe.

Hapo ndo ujue hatia kwenye hii tamthiliya haiji baada ya tendo kama adhabu, inatangulia. Anaionja kabla hajafanya lolote, anajua ladha yake, na bado anaenda.

Mke naye. Ndio, anamsukuma, anamwita mwoga, anamwambia sio mwanaume, anasema maneno ya kutisha kuhusu mtoto anayenyonya. Simtetei. Lakini soma onyesho la saba la tendo hilohilo la kwanza, kabla mke hajaingia. Macbeth katoka kwenye chakula cha jioni, yuko peke yake, anahesabu sababu za kutomuua Duncan. Mimi ni ndugu yake. Mimi ni raia wake. Mimi ni mwenyeji wake, nilipaswa kumfungia muuaji mlango, sio kushika kisu mwenyewe. Sisi tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, sasa hapa mwenyeji anajua vizuri kabisa anachokivunja, kakitaja kwa jina. Halafu anasema hana kitu cha kumchochea isipokuwa tamaa yake ya makuu, inayoruka kupita kiasi ikaangukia upande wa pili. Na mke akija kumbana anamuuliza, mnyama gani basi alikufanya uniletee jambo hili? Yaani hata yeye anamkumbusha kwamba hoja aliileta mume.

Umeona sasa tatizo la "dosari yake ni tamaa"? Macbeth kashasema mwenyewe, kwa ufasaha kuliko desa lolote, ukiandika hivyo na kuweka nukta unakuwa umemnukuu mshtakiwa halafu umejiita hakimu. Kazi yako inaanzia pale alipoishia yeye. Mtu anayejua kwamba ni tamaa, anajua ni haramu, anajua itamrudia, kisha anamwambia mkewe hatuendelei na hili, inakuwaje ndani ya onyesho hilohilo anatoka kakubali?

Na hilo neno dosari wanalodai limetoka kwa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale aliyeandika kuhusu tanzia, wengi wanalitumia vibaya. Neno lake la Kigiriki ni hamartia, na maana yake iko karibu na kukosea, kama mpiga mshale aliyekosa shabaha. Sio doa la tabia unalolibandika kwa neno moja, huyu tamaa, yule wivu, mwingine kiburi, kama lebo za chupa. Mfano anaourudia Aristotle ni Oedipus, mhusika wa tanzia ya Mgiriki Sofokile, ambaye alimuua baba yake na kumuoa mama yake bila kujua. Macbeth alijua kila kitu. Ndo maana ukimlazimisha kwenye fremu ya Oedipus unapoteza kile kinachomtofautisha.

Tena kumbuka Shakespeare alichagua kumtwika. Macbeth wa historia alimshinda Duncan vitani mwaka 1040, na akatawala Skotilandi miaka 17. Kwenye kitabu cha historia cha Holinshed ambacho Shakespeare alikisoma, Duncan ni mfalme dhaifu, Banquo anashiriki njama, na Macbeth anatawala vizuri miaka kama 10 kabla ya kuharibika. Shakespeare kayaacha hayo. Kachukua kutoka kurasa nyingine za kitabu hichohicho kisa cha mfalme Duff aliyeuawa usiku na mwenyeji wake Donwald, mke wa Donwald akimchochea, akakibandika kwa Macbeth. Duncan akawa mzee, mpole, mgeni, amelala. Kumsafisha Banquo kulikuwa na siasa zake, maana mfalme James, aliyekuwa kwenye kiti mjini London tamthiliya ilipoandikwa, mnamo 1606, aliaminika ni wa uzao wa Banquo. Lakini kuhamisha mauaji kutoka uwanja wa vita hadi chumba cha mgeni ni kazi ya mwandishi aliyetaka muuaji asibaki na udhuru hata mmoja. Halafu mtu anakuja na desa anamrudishia asilimia 80 ya udhuru!

Nirudi kwenye shtuko, maana ningekuwa wewe insha yangu ningeijenga hapo. Neno la Shakespeare ni start, na zamani lilimaanisha hivyo, kuruka kwa hofu. Kwenye karamu ya tendo la tatu, Macbeth anaona mzimu wa Banquo, ambaye kaagiza auawe, umekaa kwenye kiti chake, mke anamkaripia kuhusu hayo mashtuko yake. Tendo la tano, mke mwenyewe anatembea usingizini, ana taa mkononi maana kaamuru taa isimuondokee, anasugua mikono, na mhudumu wake anasema ameshamuona akifanya hivyo robo saa nzima. Huyu ndo yule aliyesema usiku ule wa mauaji ya Duncan maji kidogo tu yatatusafisha. Sasa humo usingizini anaongea na mume ambaye hayupo, anamwambia unaharibu kila kitu kwa kushtukashtuka kwako. Halafu onyesho la tano la tendo hilo, Macbeth anasikia vilio vya wanawake ndani ya ngome, na anasema amekwisha shiba vitisho, hakuna kinachoweza kumshtua tena. Ndipo anaambiwa malkia amekufa.

Fuata hicho kitu kimoja kutoka Banquo anapouliza mbona umeshtuka mpaka hapa, utaona tabia inavyobadilika bila kuhitaji kuibandika jina. Mume alianza na dhamiri inayoruka kwa neno tu na kaishia hana. Mke alianza hana, au alijifanya hana (kumbuka alishindwa kumchoma Duncan mwenyewe kwa sababu alivyolala alifanana na baba yake), na dhamiri ikamkuta usingizini ambako hakuweza kuizuia.

Kama Kiingereza cha zamani kinakusumbua, tafuta tafsiri ya S. S. Mushi, Makbeth, ya 1968, usome sambamba na Kiingereza. Hiyo haitakuharibu.

Kinachoharibu ni hivi vya mkato, madesa, video za dakika tano, sasa hivi na mashine zinazoandika insha nzima kabla hujakohoa. Vyote vinakupa hitimisho bila njia, na kwenye tanzia njia ndo kila kitu. Na uharibifu hauishii kwenye karatasi. Nimewahi kuangalia kikundi wakiigiza Macbeth, wachawi wakampa kisu mkononi, watu wakapiga makofi. Nilitoka nimeumia kweli. Kwenye tamthiliya kile kisu kinaelea hewani, anajaribu kukishika hakishikiki, anajiuliza kama ni kisu cha akili yake tu, halafu anachomoa chake mwenyewe kutoka kiunoni. Kikundi kizima walifanya mazoezi wiki nzima na hakuna aliyekuwa amesoma huo mstari. Wauza madesa wanajua hamtasoma, hiyo ndo biashara yao, na wewe umelipa.

Kuna mwanafunzi wangu aliniletea asilimia kama zako. Sikumpa maksi wala sikumfokea, nilimpa kitabu asome kwa sauti tendo la tano onyesho la kwanza pale mezani kwangu. Alipofika kwenye ile robo saa akanyamaza, akarudi nyuma mistari michache, akasoma tena kimoyomoyo, akaniuliza, mwalimu, kumbe huyu mama anaongea na mumewe?