Mke mwenzangu ni kasiki

Shangazi, shikamoo. Tuko Mombasa, ndoa yetu ina miaka 11. Mume wangu ana kasiki 9 za Kichina, ile mitungi mikubwa ya udongo ya kahawia, na sebuleni hatuna tena pa kukaa. Mwezi uliopita karo ya mtoto iliishia kwenye kasiki ambayo muuzaji aliapa imetolewa baharini, ina miaka 500. Kisha akachukua kasiki ya maji ya mama yangu, eti aipange na wenzake. Kila Ijumaa nikienda kumwamkia, mama huiulizia. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Kasiki ya mama irudi wiki hii, hiyo haina mjadala. Mumeo anapenda historia, basi mkumbushe historia yenyewe: vyombo hivi vilichomwa kusini mwa China, vikapakiwa merikebuni kubeba mafuta, mvinyo na achari. Bidhaa ikiisha, chombo kilibaki kwa bibi zetu, wakatia maji na samli. Cha mama yako bado kiko kazini. Na akirudishe kwa mikono yake, asimtume mtu wa bodaboda.

Hiyo ya baharini inanikera zaidi. Umbo la kasiki limebaki lilelile karne kwa karne, na mpaka leo zinafinyangwa, kwa hiyo mabega mapana na vijisikio vya kufungia kifuniko havithibitishi umri. Makombe ya baharini nayo hugandishwa kwa gundi. Ikiwa ni mpya, mumeo kaibiwa. Ikiwa ni ya kale kweli, balaa: sheria ya Kenya ya mwaka 2006 inahesabu kama kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na anayekivumbua hutakiwa kukitolea taarifa, si kukiuza kichochoroni. Akaulize makumbusho ya Fort Jesus. Pale wana vyombo vilivyoopolewa kwenye meli ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyozama hapohapo mbele ya ngome mwaka 1697.

Karo je? Usimwambie auze zote, atakununia hadi Ramadhani. Mwambie auze moja, achague mwenyewe. Bei atakayotajiwa itamsemesha kuliko wewe. Na kuanzia muhula ujao karo ilipwe siku ya mshahara, kabla hajapita kwa huyo muuzaji.

Kasiki ikifika kwa mama, ioshwe vizuri kabla ya kutiwa maji. Wakusanyaji nawajua, hupaka mafuta ili ing'ae.