Boila la kasti ligonge kama chungu

Wewe unayeanza kazi kwenye maboila ya zamani hapa Mwanza, yaani matangi ya kuchemshia maji yawe mvuke, kabla ya spana shika nyundo ndogo. Mama akinunua chungu sokoni hukigonga kwa kidole na kutega sikio. Chenye ufa hutoa sauti ya kukwaruza. Kasti, yaani chuma cha kumimina, ina tabia ya chungu. Chuma laini huvimba au kupinda kwanza, ukaona. Kasti haipindi. Hupasuka tu.

Sehemu unayoitilia shaka ikwangue rangi, paka mafuta ya taa, subiri robo saa, futa mpaka ikauke, kisha paka chaki. Kama kuna ufa, mafuta yatarudi nje taratibu na kuchora mstari kwenye ule weupe, mwembamba kama unywele. Ukiuona, usikimbilie kuchomelea. Kasti ina kaboni nyingi, asilimia 2 hadi 4, na joto la ghafla huzaa ufa mwingine pembeni ya ule uliouziba. Badilisha kipande kizima, au mtafute fundi anayejua kuishona kwa pini bila moto.

Mwaka wangu wa tatu kazini, kwenye dobi moja, kioo cha maji, kile kinachoonyesha kiwango cha maji ndani ya boila, kilikuwa kitupu na moto unawaka. Mwenzangu akafungulia maji baridi. Nilimwona, sikumzuia. Ulisikika mlio mmoja tu, kipande cha nyuma kikapasuka toka juu hadi chini, na mkono wake ukaungua mpaka kwenye kiwiko. Mpaka leo jambo hilo linaniuma. Kioo kikiwa kitupu, zima moto, usiongeze hata tone la maji, toa watu, acha lipoe lenyewe, hata kama ni mpaka kesho. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutanuka kupita lita 1,600.

Geji ya presha ikisoma sifuri usiiamini peke yake, sindano hukwama. Kabla ya kulegeza chochote, fungua koki ya juu kwanza uone kama presha imeisha. Na mvuke wenyewe hauonekani. Lile wingu jeupe ni matone yaliyokwisha kupoa, kwa hiyo usitafute uvujaji kwa kiganja.

Ile nguo ya kijivu inayofunika maboila ya zamani huenda ni asbesto. Usiibomoe ikiwa kavu wala usiifagie. Vumbi lake huharibu mapafu.

Ukimaliza matengenezo, jaza maji baridi, toa hewa yote, pampu hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi. Geji isiposhuka, mwite mkaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya kazini. Kiberiti baadaye.