Uliza Tukujibu: Desemba tunaenda Moshi, nyumba inabaki tupu

SWALI: Habari zenu jamani. Tunakaa Kimara, mwezi wa 12 tunapanda Moshi na watoto mpaka mwaka mpya uishe, dada wa kazi nae anaenda kwao. Mwaka jana mtaani kwetu zilivunjwa nyumba mbili kipindi hichohicho. Baba watoto anataka fensi ya umeme, mi naona hela hiyo hatuna. Tufanyeje? (Mama wa Kimara)

JIBU: Mama, fensi ya umeme nzuri lakini hebu iacheni kwanza. Mwizi wa Desemba anaanza kwa kujua nani hayupo, na wengi tunamwambia wenyewe: kufuli limening'inia nje ya geti wiki nzima, taa ya barazani inawaka saa sita mchana, majani yamejaa mlangoni, halafu uko stendi ya Magufuli hata basi halijatoka ushaweka status "Moshi tunakuja" na watoto wote kwenye picha. Picha pigeni tu, mtaposti mkirudi.

Hela mliyonayo iende kwa mtu. Kijana wa ndugu mnayemwamini alale hapo, mpeni hela ya kula. Kama hayupo, jirani wa ukuta mmoja mwachieni funguo ya geti tu, ya nyumba hapana, afagie, awashe taa jioni azime asubuhi, akiwa na gari apaki kwenu, hata kanga mbili tatu aanike kwenye kamba. Mjumbe aambiwe, na vijana wa ulinzi shirikishi kama mnao, ila kwenye grupu la WhatsApp la mtaa kaeni kimya, nusu ya watu humo hamuwajui.

LUKU sasa, hii watu wanaisahau sana. Unit zikiisha taa za nje zote zinazima, na tokeni utanunua kwa simu ukiwa hukohuko Moshi sawa, ila kwa mita nyingi lazima mtu aiingize kwenye mita, kwahiyo wekeni za kutosha kabla.

Grili zitikiseni moja moja kwa mkono. Inayocheza imeshikwa na plasta tu, itang'oka. Na kuna wezi wanatanua nondo kwa jeki ya gari, kwahiyo penye nondo nyembamba na uwazi mkubwa mwiteni fundi aongeze. Mlango wa jikoni pia uangalieni, maana watu tunaweka mninga mbele, nyuma mlango unaosukumwa kwa bega. Ngazi, sururu na nondo zilizobaki uani ziingizeni ndani, mnamwachia vifaa vya kazi vya nini?

Hati ya kiwanja msiiache humo. TV na laptop pigeni picha stika ya nyuma yenye serial namba pamoja na risiti, polisi wataziuliza. Na mkirudi mkakuta kufuli limekatwa msiingie, mwiteni mjumbe na mpige 112.

SWALI: Na sisi wa chumba kimoja je? (Mpangaji, Manzese)

JIBU: Ongea na mwenye nyumba ubadilishe kitasa, aliyehama anaweza kuwa na funguo bado, cha zamani kitunze umrudishie ukitoka. TV isikae karibu na dirisha, wanachana nyavu wanavuta vitu na mti mrefu. Mtungi wa gesi ulioko koridoni uingize ndani leoleo, huo hata safari hausubiri.