Kutovutwa kingono si ugonjwa

Ndugu uliyeuliza kama mtu aseksuali, yaani asiyevutwa kingono na yeyote, anahitaji kutibiwa akili: hapana. Mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, toleo la 5 la mwaka 2013, unaeleza kwamba anayejitambua hivyo hahesabiwi kuwa na ugonjwa wa upungufu wa hamu.

Sonona na wasiwasi vipo kwa wengi wao, lakini mara nyingi huhusishwa na kutoaminiwa, kushinikizwa kuoa au kuolewa, na kupimwa homoni hata pale ambapo hakuna dalili nyingine. Tena mzigo huo haufanani kwa wote. Mwanasheria Mmarekani Kimberlé Crenshaw alieleza mwaka 1989 jinsi ubaguzi wa rangi na wa jinsia unavyomkuta mwanamke Mweusi kwa pamoja, na hapa ndivyo ilivyo: kwa kuwa tangu enzi za utumwa wanawake Weusi wa Marekani wamesingiziwa kuwa na tamaa kupita kiasi, mmoja wao akisema havutwi na yeyote huonekana anadanganya. Mwenye ulemavu huambiwa kinyume chake, kwamba ni ulemavu uliomwondolea hamu, jambo linalowaumiza pia walemavu wenye hamu zao. Wanaume nao hukejeliwa uanaume wao.

Kwa hiyo, ukitafuta mshauri nasaha, muulize mapema kama analiona hili kuwa kasoro ya kurekebishwa. Akisema ndiyo, tafuta mwingine.